Barua ya Wazi kwa Bodi za Utumishi wa Umma za Kitui na Makueni: Mpeni Mhitimu Mwaka wa Kwanza

Kwa Wenyeviti na Wanachama,
Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Kitui,
Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Makueni.

Nakala: Waheshimiwa Magavana wa kaunti hizi mbili, Waheshimiwa wawakilishi wa wadi 40 za Kitui na wadi 30 za Makueni.

KUH: MWAKA WA KWANZA WA KAZI BAADA YA CHUO KIKUU

Waheshimiwa,

Mimi ni mtoto wa kingo zote mbili za Mto Athi. Nilizaliwa upande wa Makueni, nikaolewa upande wa Kitui, na mto huo unaotenganisha kaunti zetu nimeuvuka mara nyingi nikiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndiyo maana barua hii moja ina anwani mbili. Shida ninayoileta kwenu haijui mpaka wa kaunti.

Nilihitimu shahada ya kilimo mwaka 2016. Siku ya mahafali mama yangu alijifunga leso mpya, na wanawake wa kikundi chake wakakodi matatu nzima kuja kunishangilia. Walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu shahada ile haikuwa yangu peke yangu. Mbuzi 14 walitoka katika boma letu katika miaka minne ya masomo. Ndengu za misimu miwili ziliuzwa zingali shambani. Mchango wa karo ya mwisho ulifanyika chini ya mwembe wa mjomba, kila mtu akatoa alichokuwa nacho, na jina lake likaandikwa daftarini.

Miezi ya kwanza majirani waliniuliza, "Umepata wapi?" Baadaye wakauliza, "Bado?" Ulipoingia mwaka wa pili hawakuuliza tena, wakawa wananitazama kwa ile huruma anayotazamwa nayo mtu aliyefiwa. Mama hakusema neno. Ila nilimsikia jioni moja akimshauri mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, kwamba labda asihangaike sana na habari za chuo kikuu, ajifunze cherehani. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mhitimu akikosa kazi hapotezi mwaka wake tu. Nyumba nzima inapunguza imani yake kwa elimu, na wanaofuata nyuma wanalipia.

Hapa Kenya tuna neno la hali hii: kutarmaka. Limetokana na neno la Kiingereza 'tarmac', yaani lami: ni kutembea juu ya lami tangu asubuhi ukibisha ofisi moja baada ya nyingine. Kwa mtoto wa Ikutha, Nguni, Kathonzweni au Nzambani, kabla ya kuifikia hiyo lami kuna vumbi kwanza. Kuna bodaboda hadi kituoni, kuna matatu hadi Wote au Kitui mjini, kuna saiba ya kuchapisha maombi, kuna kunakili vyeti, kuna shilingi 1,050 za cheti cha maadili mema. Ukijumlisha, ombi moja la kazi linaweza kula faida ya kuku watano. Na mwisho wa safari hiyo yote tangazo lililobandikwa ukutani linasema: awe na uzoefu wa miaka mitatu.

Wakati huohuo mkopo unahesabu siku. Wengi wetu tulisomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na hatusahau wema huo. Mkopo wenyewe una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na mkopaji hutarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asipolipa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Tazameni basi hesabu anayokabidhiwa kijana wa miaka 23 au 24: anayemdai anampa mwaka mmoja, na anayetangaza kazi anamtaka awe na miaka mitatu. Katikati ya mwaka huo mmoja na miaka hiyo mitatu ndimo vijana wetu wanamozama.

Ombi langu linahusu hapo katikati. Nitalieleza kwa kitu mnachokijua vizuri kuliko mimi.

Nchi yetu ya Ukambani ni nchi ya mito ya msimu. Babu zetu walichimba visima mchangani, nasi tukajifunza kujenga mabwawa ya mchanga, hata leo wageni wanakuja Kitui na Makueni kutazama yanavyofanya kazi. Wakati wa kiangazi kikundi cha mwethya, yaani cha kazi ya pamoja, huteremka kwenye mto mkavu, kikachimba mpaka kwenye mwamba, kikasimamisha ukuta wa mawe na saruji kutoka ukingo hadi ukingo. Siku ukuta unapokamilika, nyuma yake hakuna hata tone. Mvua ya kwanza inaleta mchanga kidogo. Ya pili inaongeza. Baada ya misimu kadhaa mchanga unafika juu ya ukuta, na ndani ya mchanga huo maji yanatulia mahali ambapo jua haliyafikii. Mama wa kijiji huchimba futi chache tu Septemba, wakati kila kitu kimekauka, akachota. Mvua na mto hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini haviwezi kujenga ukuta. Ukuta ni lazima ujengwe na watu, na lazima ukae juu ya mwamba.

Mwaka wa kwanza wa kazi ndio ukuta wa mhitimu. Akiupata, kila anachokifanya baadaye kinapata pa kushika: ujuzi, majina ya watu wanaomfahamu, akiba ndogo, uzoefu ulioandikwa. Akiukosa, kila mvua inayonyesha inapita na mchanga wake. Anafundisha muhula mmoja hapa, anauza kadi za simu pale, anahesabu watu katika utafiti wa wiki mbili kule, na mwaka wa tano unapofika bado barua yake ya maombi inasema hana uzoefu.

Nasema hivi kwa sababu ukuta wangu nilijengewa na mzee asiyekuwa na shahada. Baada ya miaka miwili ya kutarmaka nilikwenda kwa jirani yetu mmoja aliyekuwa na kitalu cha miembe, nikamwomba kibarua. Alinipokea kwa ujira mdogo, lakini aliulipa kila Ijumaa. Alinifundisha kukata kikonyo, kuunganisha, kufunga kwa nailoni, kutambua mche utakaoshika na utakaokufa. Shahada yangu ilijua majina ya magonjwa. Mzee yule alijua siku ambayo ugonjwa unaanza. Nilipoaga baada ya mwaka mmoja, alichana karatasi ya daftari akaandika kwa mkono wake kwamba nilifanya kazi kwake miezi 12, kwamba niliunganisha miche 3,000, kwamba iliyokufa haikuzidi 300, na kwamba sikuwahi kuchelewa. Akatia sahihi. Hapakuwa na muhuri wala kichwa cha barua.

Karatasi ile ndiyo iliyonipatia kazi ya mkataba wa miaka miwili katika mradi wa wakulima. Mbele ya watu waliokuwa wakinihoji, shahada yangu ilitazamwa mara moja ikafunikwa. Karatasi ya mzee ilizungushwa mezani, ikaulizwa maswali. Miche 300 ilikufa kwa nini? Nikajibu kwa nusu saa. Nilikuwa na la kusema, kwa sababu nilikuwa nimefanya.

Waheshimiwa, nazijua pia shida zenu, na sitaki kuandika kama mtu anayedhani kaunti ni mgodi. Kanuni za fedha za serikali za kaunti za mwaka 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Hakuna bodi yoyote inayoweza kuwapa ajira ya kudumu wahitimu wote wa watu zaidi ya milioni mbili. Anayewaahidi vijana hilo kwenye jukwaa la siasa anawadanganya, na vijana wengi wameharibu miaka yao wakiisubiri ahadi hiyo. Tumezoea kuamini kwamba kazi ya uhakika ni ile ya kudumu yenye pensheni. Mimi nimefikia kuamini kwamba kazi ya uhakika ni ile ambayo mlango mmoja ukifungwa, una cha kuonyesha kwenye mlango wa pili. Hicho cha kuonyesha mnaweza kutusaidia kukipata, na gharama yake haiwashindi.

Naomba, kwanza, kila kaunti ianzishe mwaka mmoja wa uanagenzi wenye posho kwa wahitimu wapya, kwa hesabu ya wadi. Tume ya Utumishi wa Umma ina mpango wa miezi 12 katika ofisi za serikali kuu. Nafasi zake hazituenei, lakini mfano upo. Chukueni wahitimu 10 kwa kila wadi. Kitui wanakuwa 400, Makueni 300. Mkiwapa posho ya shilingi 15,000 kwa mwezi, Kitui itatumia shilingi milioni 72 kwa mwaka, na Makueni milioni 54. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 mgao wa Kitui kutoka serikali kuu ulipita shilingi bilioni 10, na wa Makueni ulipita bilioni 8. Ninachokiomba hakifiki shilingi moja katika kila mia moja.

Na kazi ya kuwapa ipo. Tuanze na embe, kwa kuwa ndilo ninalolijua. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia kuuza maembe katika soko la Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na mauzo hayo hayakuanza tena hadi 2021. Ili eneo litambuliwe kuwa limemshinda nzi huyo, mitego hutundikwa, nzi huhesabiwa kwa ratiba, embe zilizooza huokotwa na kuzikwa, na hesabu huandikwa kwa namna ambayo mkaguzi wa mbali anaweza kuiamini. Nani atahesabu nzi hao katika kila kijiji, wiki baada ya wiki? Afisa mmoja wa kilimo hawezi kuzunguka wadi nzima. Mhitimu wa kilimo au wa sayansi ya viumbe anayeishi kijijini humo anaweza, na mwisho wa mwaka atakuwa na daftari ambalo muuzaji yeyote wa matunda angependa kuliona.

Makueni ina kiwanda cha matunda pale Kalamba kinachosindika maembe ya wakulima. Msimu wa embe kwetu ni Novemba hadi Machi hivi, na katika wiki chache za kilele embe huanguka na kuoza chini ya miti huku mkulima akitazama. Wapelekeni wahitimu wa sayansi ya chakula, wa uhasibu na wa biashara wakajifunze kiwandani wakati wa msimu, na nje ya msimu waende kwa wakulima kupanga nani atavuna lini. Kitui ina kiwanda cha nguo cha KICOTEC pale Syongila, kilichoshona sare, na mwaka 2020 kikashona barakoa wakati nchi ilipozihitaji mno. Mama yangu alipomtajia mdogo wangu cherehani, hakumtajia kitu duni. Cherehani inahitaji mtu wa kuitumia, na kiwanda kinahitaji pia mtu wa kukadiria gharama, wa kutafuta soko na wa kukagua ubora. Ndengu za Kitui na Makueni zinahitaji watu wanaojua kuzikausha na kuzihifadhi ili mkulima asilazimike kuziuza kwa dalali wiki ileile ya mavuno kwa kuogopa wadudu. Na yale mabwawa ya mchanga niliyoyataja yanahitaji kupimwa, kuorodheshwa na kukarabatiwa. Kila wadi ina kazi za namna hii, na karibu kila kazi ina mhitimu wake aliyekaa nyumbani.

Pili, naomba uwazi. Katiba yetu, katika kifungu cha 232, inataka ushindani wa haki na ustahili viwe msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo katika utumishi wa umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 66, inawaagiza ninyi kutangaza nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa sababu yoyote wamewekwa nyuma. Tangazo linalokaa kwenye tovuti na katika gazeti lisilofika Tseikuru halijamfikia aliyewekwa nyuma. Libandikwe kwenye ofisi za wadi na za machifu, lisomwe redioni kwa Kikamba na kwa Kiswahili, litangazwe makanisani na misikitini. Maombi yapokelewe kwenye ofisi ya wadi, ili anayekaa kilomita 100 kutoka makao makuu asishindwe na nauli.

Kisha, baada ya kuchagua, tuambieni. Walioomba walikuwa wangapi? Walioitwa ni akina nani? Waliofaulu walipata alama ngapi, na wanatoka wadi gani? Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kumjibu mwananchi aliyeuliza. Naomba msisubiri kuulizwa. Vijana wetu wanaamini, kwa haki au kwa kosa, kwamba mkono mtupu haulambwi. Kwamba bila mjomba mwenye cheo au bahasha ya pili chini ya ile ya kwanza, maombi yao hayasomwi. Imani hiyo inawaharibu hata pale ambapo si ya kweli, kwa sababu anayeamini hivyo huacha kujiandaa na kuanza kutafuta mjomba. Njia ya kuiondoa ni kuweka majina na alama hadharani.

Mnaweza, kwa sababu kaunti zetu zimeweza makubwa zaidi. Watu wametoka sehemu nyingi kuja Makueni kujifunza jinsi wananchi wanavyokaa vikao tangu kijijini hadi kwenye wadi wakaamua mradi gani utangulie. Makueni hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha MakueniCare mwaka 2016, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa, wakati wengi walisema haiwezekani. Ikiwa mwananchi anaweza kusimama barazani akauliza mabomba ya maji ya kijiji yaligharimu kiasi gani, kwa nini asiweze kuuliza vijana 10 wa wadi yake walipatikanaje?

Wala simaanishi nafasi hizi ziwe za Wakamba peke yao. Sheria hiyohiyo ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa kwenye kaunti. Naiunga mkono. Watoto wetu nao wako Mombasa, Nakuru na Garissa wakibisha milango ya watu.

Tatu, punguzeni mzigo wa hati. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asimdai mtu hati za kuidhinishwa isipokuwa anakusudia kuandikiana naye mkataba. Lakini wahitimu bado wanakwenda kuzitafuta hati zote mapema kwa kuogopa kuachwa. Andikeni wazi katika kila tangazo: hati hizi zitahitajika kwa atakayefaulu tu. Sentensi hiyo moja itaziokoa nauli na ada za maelfu ya watu ambao mnajua tangu mwanzo hamtawachukua.

Nne, hesabuni uzoefu unaostahili kuhesabiwa. Kuna wahitimu waliofundisha miaka minne wakiwa wameajiriwa na bodi za usimamizi wa shule kwa malipo yasiyotosha kodi ya nyumba. Kuna waliojitolea katika zahanati, waliotunza vitabu vya vyama vya akiba, walioendesha duka la dawa za mifugo sokoni. Nyote mnajua kazi hizo ni ngumu. Wekeni fomu moja rahisi ambayo mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kikundi au mwenye kitalu anaweza kuijaza akaitia sahihi, nanyi mkaikubali baada ya kumpigia simu kuthibitisha. Miaka ya watu wengi itapata kuonekana.

Tano, na hili nalisema kwa uchungu: walipeni vijana wanaofanya biashara na serikali. Tangu 2013 tumeambiwa kwamba asilimia 30 ya zabuni za umma zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mimi na wenzangu wawili tuliamini. Mwaka 2018 tulisajili kampuni, tukapata cheti cha AGPO, yaani cha mpango huo wa zabuni, tukashinda zabuni ya kupeleka mbegu na vifaa vya shamba katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Tulikopa kwa chama. Tukapeleka mzigo kwa wakati, ukakaguliwa, ukatiwa sahihi. Malipo yalikuja baada ya miaka miwili na miezi mitatu. Kufikia hapo chama kilikuwa kimechukua pikipiki ya mwenzetu mmoja, na ndoa ya mwingine ilikuwa imeingia ufa. Kampuni ilikufa. Riba ilikuwa imekula faida yote na sehemu ya mtaji.

Hatukuwa peke yetu. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinaonyesha kwamba kufikia mwisho wa Juni 2024, madeni ambayo kaunti zote 47 hazijawalipa watoa huduma na wanakandarasi yalikuwa yamepita shilingi bilioni 150. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna vijana walioacha kutafuta ajira wakajiajiri kama walivyoshauriwa, wakaangushwa na walewale waliowashauri. Mwanakandarasi mkubwa anaweza kungoja miaka mitatu. Kijana aliyekopa kwa chama hawezi kungoja miezi mitatu. Sijui njia ya haraka ya kuwatia vijana moyo wa biashara kuliko kulipa kwanza, kila robo ya mwaka, deni lote la kijana lililo chini ya shilingi laki tano. Jambo hili liko zaidi mikononi mwa magavana na mabunge ya kaunti kuliko mikononi mwenu, na ndiyo sababu nimewapa nakala.

Nina tahadhari moja. Uanagenzi usigeuzwe njia ya kupata wafanyakazi kwa bei ya chini. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume ya Huduma kwa Walimu ilikosea kuwachukua walimu waliofuzu na kusajiliwa kuwa wanagenzi kwa malipo duni. Tuzingatie somo hilo. Mwaka ninaouomba uwe na mwanzo na mwisho. Mwanagenzi apewe msimamizi anayejua kazi na anayemfundisha. Asitumwe kuleta chai na kunakili karatasi miezi 12. Asikae miaka mitatu akiitwa mwanagenzi huku anafanya kazi ya aliyestaafu. Na siku anapoondoka apewe barua inayosema alifanya nini hasa, kwa kiasi gani, na aliifanyaje. Msimpe ile barua ya mistari miwili inayosema tunamtakia heri. Mpeni barua kama ya mzee wangu, yenye miche 3,000 ndani yake na 300 iliyokufa.

Kwa upande wetu, sisi wahitimu tuna wajibu, nami nawaandikia wenzangu humuhumu mbele yenu. Mwenzangu, shahada haikukataza kushika jembe, bomba wala cherehani. Usingoje tangazo miaka mitano. Tafuta mtu anayefanya vizuri kazi iliyo karibu na taaluma yako, hata kama hakusoma, umwombe akufundishe. Andika kila siku ulichofanya. Ukipata shilingi elfu moja, weka mia, na usiache kuchangia NSSF na bima ya afya hata kama unajiajiri, kwa sababu uzee na ugonjwa haviulizi kama ulikuwa na barua ya ajira. Zungumza na HELB kabla ya kutafutwa nayo. Na ukiitwa na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, au na shule ya kijijini kwenu, uje kuwaambia wanaofuata ukweli wa barabara hii, nenda. Sisi tulinyimwa ukweli huo, tusiwanyime wengine.

Na kwa wazazi wetu: mlipouza mbuzi hamkufanya kosa. Msimkatishe tamaa mtoto wa pili kwa sababu wa kwanza amekawia.

Leo mimi nina kitalu changu mwenyewe upande wa Kitui, karibu na barabara ya Kibwezi kwenda Kitui ambayo lami yake imetuletea wanunuzi. Nimeajiri watu watatu, na mmoja wao ni mhitimu aliyekaa miaka miwili bila kazi. Mwezi ujao anamaliza mwaka wake wa kwanza. Barua yake nimekwisha kuiandika.

Waheshimiwa, mimi nimeweza kumjengea ukuta mtu mmoja. Ninyi mnaweza kuwajengea watu 700 kwa mwaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inazitaka serikali za kaunti zifikishe makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hiyo, naomba kila bodi ipeleke pendekezo lenye mstari mmoja tu: uanagenzi wa wahitimu, 10 kwa kila wadi, miezi 12, na majina yasomwe barazani. Siku yatakaposomwa katika wadi yetu, nitakuja kuyasikiliza.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Mhitimu na mwenye kitalu cha miembe,
Ukingoni mwa Mto Athi.